Vinywa vya Jolakunda

Nyima Sambou alikuwa amechutama mbele ya karai, anakaanga bajia za kunde kama afanyavyo kila asubuhi pale kwenye kona ya mtaa wa Jolakunda, ndipo alipotambua kwamba ile punje aliyokuwa akiisukuma kwa ulimi tangu alipoamka haikuwa ya kunde. Aliitemea kiganjani. Ilikuwa gololi ya kioo, nyeupe, nzito kidogo, ya aina ile ile wanayopewa watu kupigia kura. Akaisuuza kwa maji ya birika, akaiweka juu ya kopo la chumvi, akageuza bajia kabla hazijaungua.

Mteja wake wa kwanza, kama siku zote, alikuwa Fundi Saikou, mshona nguo wa mtaa.

"Mama Lansana, mbona bajia zinazidi kukonda?"

"Zinakuiga wewe. Toa hela."

Kesho yake alfajiri gololi ilikuwa imerudi kinywani, imejipanga kwenye shavu la kushoto kama mpangaji aliyelipa kodi. Nyima akaitupa chooni. Asubuhi iliyofuata alikuwa nayo tena, safi, haina harufu. Akaona isiwe taabu. Mtu mwenye unga wa kukanda na moto wa kupuliza hawezi kushinda anashindana na gololi.

Uchaguzi ulikuwa umemalizika wiki hiyo hiyo. Katika nchi ile nyembamba, iliyojinyoosha pande mbili za mto wake, kura haipigwi kwa karatasi. Unapewa gololi moja, unaingia nyuma ya pazia, unakuta mapipa ya chuma yamesimama, kila pipa na rangi ya chama chake na picha ya mgombea wake, unaitumbukiza gololi kwenye bomba la pipa ulipendalo. Ndani mna kengele. Ikilia, walio nje wanajua umemaliza. Ikilia mara mbili, wanakukamata. Chini ya mapipa hutandazwa maranda ya mbao ili gololi ikitua isilie tena, na siku hiyo wenye baiskeli hukatazwa kugusa kengele zao mtaa mzima. Kisha mapipa hufunguliwa pale pale, jua likiwa bado lipo, mbele ya mawakala wa vyama vyote. Ndivyo ilivyokuwa tangu wazee hawajaota mvi.

Mwaka ule pipa la zambarau la Jolakunda, la upinzani, halikufunguliwa pale pale. Lilikuja lori la askari, na ofisa mwenye miwani ya jua akasema kwamba kwa ajili ya usalama litafunguliwa makao makuu. Pipa jeupe, la chama kinachotawala, lenyewe halikuwa na tatizo la usalama.

Wakala wa upinzani kituoni alikuwa Lansana Manga, mwana pekee wa Nyima, fundi simu, mdomo kama wa mama yake. Lansana hakubishana. Alipanda juu ya lile pipa la zambarau, akakaa.

"Halijafunguliwa," alisema, "na mimi sijashuka."

Askari walimtazama, wakatazamana, kisha wakalinyanyua pipa pamoja naye juu yake, wakalipakia. Lori likaondoka, Lansana amekaa vile vile, miguu inaning'inia, anapungia watu mkono kama bwana harusi. Alipompita mama yake akapiga kelele, "Mama, niwekee ukoko!"

Redio ikasema Jolakunda nzima ilimpa mgombea wa upinzani gololi za kujaza kikombe cha chai. Siku ya pili yake ndipo vinywa vilipoanza kujaa.

Bombani, wanawake walipokutana kuteka maji, kila mmoja alikuwa na shavu moja limetuna. Mwanzoni walisalimiana kwa adabu, kila mtu akidhani ni la kwake peke yake. Kisha mama mmoja akapiga chafya, gololi ikaruka ikagonga ndoo ya jirani, ngoo, na jirani akaitazama, akatema ya kwake, akaziweka pamoja. Basi ikawa imejulikana. Zile gololi ambazo hazikuhesabiwa zilikuwa zimerudi kwa wenyewe.

Watu walizizoea upesi kuliko walivyozoea bei mpya ya mchele. Daktari wa meno wa zahanati alichungulia vinywa kadhaa, akasema zimekaa mahali pazuri, hazigusi fizi. Imamu aliulizwa kuhusu Ramadhani, akafikiri usiku mmoja, akatoa jibu: gololi haina ladha, haishibishi, haibatilishi saumu. Watoto waliambiwa wasiziombe.

Tabu ilikuwa moja. Kura, ambayo kwao ni siri kuliko siri ya ndoa, sasa ilikuwa imekaa shavuni. Oumie, mke wa pili wa mkuu wa mtaa, ambaye kampeni nzima alikaa jukwaani kando ya mumewe na kofia nyeupe, alianza kujifunga mtandio mpaka puani.

"Shoga, jino?" aliulizwa bombani.

"Jino."

"Hilo jino lina rangi gani?"

"Muulize mumeo, yeye ndiye anayechungulia midomo ya wake za watu."

Walicheka mpaka maji yakamwagika, na Oumie naye akacheka, mtandio ukamteleza, wakamwona. Hakuna aliyekwenda kusema. Siku hiyo walimwacha Oumie ateke wa kwanza.

Fundi Saikou, kwa upande mwingine, ndiye aliyeshona sare zote za zambarau, ndiye aliyepiga kelele mikutanoni mpaka sauti ikamkauka, na shavu lake halikuwa na kitu. Siku chache baadaye akatokea kwenye bajia ana uvimbe kama wenzake. Nyima alimtazama anavyotafuna.

"Saikou, hiyo ya kwako mbona ina bluu ndani?"

"Yangu imeshaiva."

Nyima alimfungia bajia zake kwenye gazeti. Hakumtangaza, ingawa kunyamaza kulimtesa, maana mwanamke huyu angeweza kukesha na njaa lakini si na habari. Kibandani kwa Saikou kulikuwa na cherehani mpya ya umeme, na kila mtu alishaiona.

Kila siku baada ya kuuza, Nyima alipika wali wa chungu kimoja, akakwangua ukoko, akaufunika kwenye bakuli na kuupeleka kituo cha polisi, alikofungwa Lansana. Kumwona hakukuruhusiwa. Kumletea chakula kuliruhusiwa, na aliyekipokea alikuwa Koplo Joof.

Koplo Joof ni Mserere, na Nyima ni Mjola, na hao ni watani tangu mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe, akachukua kuku wako, akaja kwenye matanga yako akamwiga marehemu anavyotembea, na humfanyi kitu. Anachokatazwa ni kimoja tu, damu yako.

"Mtumwa wangu huyo amefika!" Koplo alikuwa akipaza sauti, kituo kizima kisikie. "Leo umeiba mchele wa nani?"

"Mtumwa wako ni babu yako. Mpe mwanangu, na usionje."

"Nisionje? Mserere gani mwenye akili anapokea chakula cha Mjola bila kukionja? Nyinyi wali mnatia hata kwenye dawa ya kikohozi."

"Anaendeleaje?"

"Anakoroma. Wezi wamekuja kwangu wanalia, wanasema afande, tuhamishe."

Nyima alirudi nyumbani anacheka peke yake njiani, na gololi inamgonga meno.

Wakili Kawsu Marong, kiongozi wa upinzani, alikwenda mahakamani. Alichukua watu wa Jolakunda, akawapanga, wakafungua vinywa mbele ya jaji. Jaji alivaa miwani, akaangalia.

"Gololi haina jina," alisema. "Mahakama itajuaje kwamba hii ni ya huyu?"

"Mheshimiwa, itupeni popote mnapotaka. Kesho alfajiri itakuwa kinywani mwake."

"Mahakama haikai kungoja kesho," akasema jaji, na kesi ikafutwa.

Ndipo vyama vitatu vya upinzani, ambavyo viongozi wake walikuwa hawapeani mkono hata msibani, vilipokutana uani kwa Nyima. Ua wake ulikuwa mkubwa na yeye alikuwa Yai Kompin, mama wa kuhamasisha wanawake, mwenye kuamua sare, nyimbo, na nani akae mbele. Chai ya kijani ilimiminwa mara ya kwanza, chungu. Mara ya pili, nafuu. Mara ya tatu, tamu, na hapo wakakubaliana. Nchi imewafungia mlango, waite majirani. Wataandikia ng'ambo, kwa umoja huu na umoja ule, waje waone kwa macho yao.

"Mama Lansana," Wakili Marong alimwambia, "nahitaji mtaa mzima ujitokeze, wafungue vinywa bila woga. Wewe wakikuona wanakufuata."

"Na mwanangu?"

"Wageni wakiketi tu, jambo la kwanza tutakalodai ni waliofungwa. Na wa kwanza kutajwa ni Lansana."

"Basi niachie mimi. Sare wavae, na vinywa watafungua mpaka wageni waone walichokula jana."

Wageni walijibu kwamba watakuja baada ya mvua za kwanza.

Wakati wa kungoja, Fanta, binti wa jirani, akafa kwa uzazi huko hospitali kuu. Kabla gari la maiti halijafika mtaani, kabla simu haijapigwa, mama yake aliamka na gololi mbili kinywani, moja kila shavu, akaanza kutandika mikeka. Watu wa msiba walipofika wakakuta maji yameshachemshwa. Ikajulikana hivyo, bila mtu kuifanyia mkutano: mwenye gololi akifa, gololi yake huhamia kwa aliyemzaa.

Ilikuwa Jumanne, mvua imenyesha usiku na kukatika. Nyima aliamka kabla ya adhana. Shavu la kushoto lilikuwa na ya kwake, yenye joto, ya kila siku. Shavu la kulia lilikuwa na nyingine.

Alilala chali, akaitazama dari. Ile ya pili ilikuwa baridi na haikutaka kupata joto. Aliigusa kwa ncha ya ulimi mara moja tu. Kisha akaamka, akatawadha, akasali, akamenya kunde zilizoloweshwa, akasaga, akawasha moto. Aliuza bajia zote. Waliomsalimia aliwajibu kwa kichwa. Fundi Saikou alilalamika kwamba zimezidi chumvi, akamtazama usoni, akalipa na kuondoka bila chenji.

Mchana akapika wali. Akakwangua ukoko, akafunika bakuli, akaenda kituoni.

Koplo Joof alikuwa amekaa mezani. Alipomwona akasimama. Akavua kofia.

"Karibu, mama," alisema.

Akalipokea bakuli kwa mikono miwili.

"Anaendeleaje?"

"Vizuri, mama. Anakula."

Nyima alingoja. Kulikuwa na nzi juu ya kitambaa cha bakuli, Koplo akamfukuza taratibu.

"We Mserere," Nyima alisema, na ilibidi aseme polepole ili zile mbili zisigongane, "leo hunitukani?"

"Leo kazi nyingi, mama."

Nyima akageuka, akarudi nyumbani. Alikuwa ameshaambiwa.

Wakili Marong alipokuja jioni, Nyima alimfungulia kinywa, upande huu kisha upande huu. Wakili akavua miwani yake, akakaa kwenye kigoda cha kukaangia bajia, suti na yote.

"Mama, nisamehe."

"Wageni wanakuja lini?"

"Alhamisi. Lakini hulazimiki tena. Mtu mwingine anaweza kukaa mbele."

"Mbele nakaa mimi. Nisikilize, Kawsu. Urais sitaki tena kuusikia, mtagawana wenyewe. Mimi nataka mtu mwenye muhuri aseme kwa mdomo wake kwamba amekufa, wanipe mwili wake nimwoshe. Hayo tu. Hao wageni wanaweza kumfanya mtu aseme?"

"Wanaweza kumfanya mtu aulizwe."

"Basi watauliza."

Jumatano Nyima alipeleka bakuli kama kawaida, maana hakuna mwenye muhuri aliyekuwa amesema kwamba amekufa. Wageni wakaja Alhamisi, magari meupe yenye antena, wakapokelewa kwa ngoma. Mkuu wao alikuwa Madamu Helene, mama mrefu, mpole, aliyejua kusema asante kwa lugha zote za mtaa na hakusema kitu kingine kwa lugha yoyote kati ya hizo. Alifuatana na daktari mwenye kurunzi ndogo, mkalimani kutoka mjini, na yule ofisa wa miwani ya jua, ambaye serikali ilimtuma awasaidie wasipotee. Wanawake wa Jolakunda walikuwa wamejipanga uani, zambarau tupu, Nyima mbele. Wakafungua vinywa kwa pamoja, na jua likaingia ndani, na ua mzima ukametameta. Wageni walipiga picha. Madamu Helene alisema kitu.

"Anasema ni nzuri sana," mkalimani alieleza.

Daktari akaanza na Nyima. Kurunzi kushoto, kurunzi kulia, kurunzi kushoto tena. Wakanong'ona.

"Mama, wanauliza ulipiga kura mara ngapi."

"Mara moja."

"Wanasema wanaona gololi mbili."

"Ya pili ni ya mwanangu, Lansana Manga, aliyekuwa wakala hapa. Walimbeba juu ya pipa mbele ya mtaa mzima akiwa hai, akiongea. Sasa gololi yake iko kwangu, na kila mtu hapa anajua maana yake. Waambie wawaulize askari walimweka wapi. Waambie sitaki ugomvi, nataka nimwoshe."

Mkalimani alitafsiri. Tafsiri yake ilikuwa fupi kuliko maneno yale.

Madamu Helene akamgeukia ofisa. Ofisa alitabasamu, akajibu bila haraka.

"Lansana Manga ni mzima, yuko kizuizini kwa mujibu wa sheria, na anakula kila siku. Chakula chake analeta mama yake huyu huyu. Alileta hata jana. Nauliza tu, Madamu, katika nchi yenu mtu humpikia marehemu?"

Madamu Helene alimtazama Nyima, akauliza kupitia kwa mkalimani. "Ni kweli unampelekea chakula?"

"Ni kweli."

"Na unarudishiwa bakuli likiwa tupu?"

"Tupu."

Daktari akazima kurunzi.

Wakili Marong alisimama, akasema kwa Kiingereza kirefu, mishipa ya shingo imemsimama, mpaka sauti ikamkatika. Madamu Helene alimsikiliza kwa heshima yote. Alikula wali pamoja nao, kwa mkono, akausifu. Akaondoka.

Taarifa ya wageni ilisomwa redioni Jumapili. Walikuwa na wasiwasi mkubwa. Waliziomba pande zote zitulie. Pia walisema kwamba katika ngome moja ya upinzani waligundua dalili za wapigakura kupiga kura zaidi ya mara moja. Gazeti la serikali likatoa picha ya kinywa cha Nyima, ukurasa wa mbele, kikubwa kama mlango wa duka, zile mbili zinang'aa, na juu yake wameandika: MWIZI WA KURA NI NANI? Watu wa Jolakunda walilinunua lile gazeti lote wakalichoma, isipokuwa nakala alizofungia bajia Nyima mwenyewe, maana karatasi ilikuwa imemwishia.

Baada ya hapo msaada ulifika. Lilikuja kontena zima la miswaki, na wakufunzi wa kufundisha usafi wa kinywa kwa watu wenye kitu kinywani, na fulana, na chakula cha mchana. Vyama vitatu vya upinzani viligombana kuhusu nani apeleke watu wangapi kwenye mafunzo, na umoja ukafia hapo. Wakili Marong alikuja kumwomba Nyima radhi, hakujua aiweke wapi mikono yake, akapewa bajia, akazishika mpaka zikapoa.

Nyima alitaka kuweka matanga. Ofisa akatuma neno kwamba kumfanyia matanga mtu aliye hai ni kueneza uvumi, na uvumi una kifungo chake. Basi akaacha kupeleka chakula. Siku mbili zikapita, na askari mmoja kijana akaja kwenye kona ya bajia, akasimama kwa haya.

"Mama, wanasema Lansana anauliza bakuli lake."

"Mwambie aje alichukue mwenyewe," Nyima alisema. "Namngoja hapa hapa."

Askari akaenda na ujumbe. Mpaka leo ukifika kituoni ukamuulizia Lansana Manga, utaambiwa yupo, afya njema, anakula.

Mtu asiye na kaburi hana tarehe, lakini Nyima alikuwa na Jumanne yake, na kutoka pale akahesabu. Siku arobaini zilipotimia aliazima masufuria makubwa, akaagiza kokwa za kola kapu zima, zile zinazotafunwa kwenye shughuli, akatuma watoto waite watu. Ya nini? Ya kumshukuru Mungu tu. Walikuja wote, ua ukajaa mpaka wengine wakakaa juu ya ukuta. Oumie alikuja bila mtandio, mumewe akimfuata nyuma. Fundi Saikou alikuja shavu tupu, akavua shati akabeba kuni na maji tangu asubuhi. Imamu akaomba dua kwa ajili ya wote wasiokuwepo. Kola ikazunguka. Hakuna aliyelitaja jina. Waliongea habari za mvua, za bei, za mchumba wa fulani aliyekimbia na pikipiki ya baba mkwe. Nyumba ilikuwa imejaa kama alivyopenda Nyima siku zote, na kelele zilikuwa nyingi.

Wali ulipopakuliwa, Koplo Joof akaingia. Alikuwa amevaa kanzu ya nyumbani na makubazi. Watu walisogeza magoti bila kumwangalia. Alitafuta kwa macho, akaenda kukaa kwenye bakuli la Nyima, akanawa, akala pamoja na wanawake.

Tangu ile Jumanne alikuwa hajamtukana. Alikula matonge mawili, matatu. Alikuwa anatazama taya la Nyima linavyokwenda.

"Nyinyi Wajola," alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa, ya kituoni, "mnajisifu mchele mmeuvumbua nyinyi, na kumbe kuutafuna hamjui! Mtazameni mtumwa wangu huyu. Upande mmoja tu, kama mbuzi mwenye jipu!"

Mikono yote ikasimama juu ya mabakuli. Mserere alikuwa anamtania Mjola aliyefiwa, mbele ya watu, nyumbani kwake, chakula kikiwa kimepakuliwa, kama inavyofanywa kwenye matanga na kama isivyofanywa mahali pengine popote.

Nyima akameza. Akamgeukia Koplo Joof.

"Punguza sauti, mtumwa wangu," alisema. "Upande huu mtoto amelala."

Koplo akainamisha kichwa, akapunguza sauti. Na wengine wote wakapunguza sauti, mpaka wale wa juu ya ukuta, wakaendelea kula.